Hoteli ya bei nafuu Carcassonne: mambo ya kuzingatia kabla hujalipa

Naishi Toulouse, kusini mwa Ufaransa, na kila kiangazi napokea ndugu na marafiki kutoka nyumbani. Karibu wote wanataka kufika Carcassonne. Nawaelewa: kwa treni ni chini ya saa moja au zaidi kidogo, na ile ngome yenye minara 52 ni kitu cha kuonwa kwa macho. Wengi hawana pesa ya kulala ndani ya ngome, wala si lazima. Hoteli za bei nafuu zipo, na nyingi ni safi. Ila ujue unafuu huo unatoka wapi: wamepunguza watu. Hakuna mlinzi getini, hakuna wa kukubebea begi, na usiku hakuna mtu mapokezi. Yale ambayo gesti ya kwetu hufanyiwa na kijana anayelala kwenye kochi la pale mlangoni, hapa utayafanya mwenyewe. Jipange kwa hilo kabla hujatoa hata senti.

Anza na ramani, si picha. Ngome yenyewe, Cité, iko juu ya kilima. Ng'ambo ya mto Aude ndiko kuliko mji wa chini, Bastide Saint-Louis, wenye mitaa iliyonyooka tangu ulipopangwa karne ya 13. Kituo cha treni kiko kaskazini ya huo mji wa chini. Ukitoka tu unavuka mfereji wa Canal du Midi. Kutoka kituoni hadi lango kuu la ngome, Porte Narbonnaise, ni kama nusu saa hadi dakika arobaini kwa miguu, na mwisho wake ni mlima. Halafu kuna Carcassonne ambayo haimo kwenye kadi za posta: maeneo ya maduka makubwa na gereji karibu na njia za kutokea barabara kuu ya A61. Hoteli nyingi za bei ya chini kabisa ziko huko. Jina lake litaandikwa Carcassonne, ukurasa wake utapambwa na picha ya ngome, lakini dirisha lako litatazama maegesho. Kama una gari, sawa, tena utapata pa kuegesha bila tabu. Kama huna gari, achana nazo. Basi za mjini hupungua sana jioni na Jumapili, na pesa uliyookoa kwenye chumba itaishia kwenye teksi. Mimi huwaambia wageni wangu watafute chumba kati ya kituo na Place Carnot, uwanja wa katikati ya mji wa chini. Pale utafika kila mahali kwa miguu.

Soma kwenye tangazo kama kuna lifti. Majengo ya zamani mara nyingi hayana, na ngazi zake ni nyembamba, za kuzunguka.

Soma kama bafu na choo viko ndani ya chumba. Ukiona maneno "sur le palier", viko nje kwenye korido na mnatumia wote.

Kitanda cha watu wawili mara nyingi ni cha sentimita 140 kwa upana. Aliyezoea tano kwa sita ajue hapa hata futi tano hazifiki.

Kifungua kinywa mara nyingi hakimo kwenye bei. Ukitembea mita chache utapata duka la mikate, na kahawa yake itakugharimu kidogo kuliko ya hotelini.

Kuna kodi ya mgeni inayotozwa kila mtu mzima kwa kila usiku. Kwa hoteli ya nyota moja au mbili ni pesa ndogo, chini ya euro mbili, na walio chini ya miaka 18 hawalipi. Wakikudai mapokezi usidhani unaibiwa. Vilevile wakikupa fomu ya kujaza jina, uraia, tarehe ya kuzaliwa na anwani, jaza. Ni sheria kwa wageni wote wasio Wafaransa.

Kiyoyozi: kama unakuja Julai au Agosti, hakikisha kipo. Joto hupita nyuzi 30 kirahisi, na chumba cha juu chini ya paa hakilaliki.

Chaji za Kenya, Uganda na Tanzania zenye miguu mitatu bapa haziingii kwenye soketi za huku. Nunua adapta ya miguu miwili ya mviringo ukiwa bado nyumbani. Wa Kongo, Rwanda na Burundi wengi hawana shida hiyo.

Viza: ubalozi utataka uthibitisho wa mahali pa kulala na bima ya afya isiyopungua euro 30,000. Kuna watu wanakata hoteli kwa ajili ya viza, kisha wanaifuta wakishapata muhuri. Acha tabia hiyo. Afisa wa mpakani ana haki ya kukuuliza unalala wapi, na ukikosa cha kumwonyesha anaweza kukurudisha.

Sasa mapokezi, na hapa naomba usome polepole.

Shangazi yangu na mumewe walikuja kutoka Tanga mwezi wa Julai. Walitaka kulala usiku mmoja Carcassonne peke yao, waione ngome ikiwa imewashwa taa. Mtoto wao aliyebaki Tanga ndiye aliyewakatia chumba, kwa simu yake, kwa barua pepe yake, kwa jina lake. Hoteli ndogo ya nyota mbili, mji wa chini, hatua chache kutoka kituoni. Treni yao ilichelewa, wakashuka kama saa tatu usiku. Huku mwezi wa Julai jua huzama kwenye saa tatu na nusu, kwa hiyo mwanga ulikuwa bado mwingi, mikahawa imejaa watu, watoto wanacheza. Wazee wangu hawakuona sababu ya kuharakisha. Kwa macho yao ilikuwa alasiri. Wakanunua maji, wakapumzika kidogo, ndipo wakaenda hotelini.

Mlango wa kioo ulikuwa umefungwa. Ndani taa inawaka, kaunta inaonekana, hata kengele ndogo ya mezani inaonekana, mtu hakuna. Mapokezi yalikuwa yamefungwa tangu saa mbili. Kwenye kioo kulibandikwa karatasi yenye namba ya simu, na ukutani kulikuwa na kibao cha vitufe: tarakimu sifuri hadi tisa, na chini yake herufi A na B. Simu ya mzee ilikuwa na laini ya nyumbani ambayo haikufunguliwa kutumika nje. Haipigi, haipokei, haina bando. Shangazi, ambaye magoti yanamsumbua, akaketi juu ya begi pale pale barabarani.

Kilichowaokoa ni daftari. Mzee ana mazoea ya kuandika namba za watu kwenye kidaftari cha mfukoni. Akatembea hadi duka la kebabu kwenye kona, akatoa salaam aleikum, na mwenye duka, Mualgeria, akampa simu yake hata kabla hajaelezwa shida yenyewe.

Simu iliingia kwangu saa nne na ushei, namba nisiyoijua. Niliposikia sauti nikamwamkia. Shikamoo yangu haikuitikiwa. "Mwanangu, tuko nje," akasema. "Shangazi yako amekaa barabarani."

Nikapiga ile namba ya kwenye kioo: mashine inaongea Kifaransa, bonyeza moja, bonyeza mbili, kisha kimya. Nikampigia binamu yangu Tanga. Kule walikuwa saa moja mbele yetu na yeye alishalala. Nilipiga mpaka akaamka. Tukaitafuta ile barua ya hoteli, tukaikuta kwenye folda ya taka. Ilikuwa imefika mchana wa siku ile, yote Kifaransa, na ndani yake tarakimu nne zikifuatwa na herufi A. Nikaituma kwa mwenye duka, naye akamwita kijana wake awasindikize. Mzee akabonyeza zile tarakimu nne. Taa nyekundu. Akarudia. Nyekundu tena. Ile A alidhani ni jina la jengo. Kijana akanyoosha kidole, akabonyeza A, mlango ukalia ukafunguka.

Haikuishia hapo. Bahasha ya ufunguo kwenye kaunta iliandikwa jina la binamu, si la mzee, na bahasha zilikuwa kadhaa. Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Shangazi alipanda akipumzika kila kona ya ngazi. Taa za ngome hawakuziona usiku ule.

Mimi naona si haki mtu aliyelipa afungiwe nje. Lakini saa ya kufunga mapokezi ilikuwa imeandikwa kwenye ukurasa wa hoteli, na usiku hutapata wa kumlalamikia. Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya kulipa, tafuta saa ya kufunga mapokezi; 20h maana yake ni saa mbili usiku, 21h ni saa tatu. Jumapili huweza kuwa mapema zaidi. Chumba kikatwe kwa jina la atakayelala, na barua pepe iwe ya atakayebeba simu. Siku moja kabla, waandikie hoteli utafika saa ngapi, waombe namba ya kufungulia mlango na waulize ufunguo utaukuta wapi. Namba ukiipata, inakili kwenye karatasi yote kama ilivyo, pamoja na herufi na alama zote, kwa sababu kila alama ni kitufe cha kubonyeza. Kwenye karatasi hiyo hiyo andika anwani ya hoteli, simu ya hoteli, na simu ya ndugu mmoja aliyeko Ulaya kama unaye. Simu huzima. Nunua laini ya kutumia Ulaya, au hakikisha ya kwako imefunguliwa kabla hujapanda ndege, na uijaribu ukishatua, si ukiwa mlangoni.

Kwenye zile hoteli kubwa za barabarani, mara nyingi usiku kuna mashine mlangoni badala ya mtu. Mashine hizo hutaka kadi ya benki yenye namba ya siri. Noti zako hazitakusaidia. Na hata kwenye mapokezi yenye mtu, wanaweza kuzuia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana, basi usije na kadi yenye salio la kuhesabu.

Ukipanga kuja Julai 14, sikukuu ya taifa, kata chumba miezi kadhaa kabla. Usiku ule hupigwa fataki juu ya ngome na watu hujaa mji mzima. Anayechelewa hulala mji mwingine.

Mengine ni ya kawaida. Mitaa ya ndani ya ngome huingii kwa tiketi. Unalipia tu kasri, Château Comtal, na kutembea juu ya kuta, na walio chini ya miaka 18 huingia bure. Nenda asubuhi mapema au baada ya chakula cha jioni, mchana wa Agosti hapapitiki. Vaa viatu vya kufunga, mawe ya chini hayana usawa. Beba kitu cha kujifunika hata kiangazi, upepo wa kutoka magharibi hapa huvuma kwa nguvu. Cassoulet, chakula maarufu cha mji huu, ni maharage meupe yaliyopikwa na nyama ya nguruwe, mara nyingi na bata pia. Mwislamu asiagize kwa kuona tu maharage kwenye picha. Mikahawa mingi hufunga jiko saa nane mchana na hufungua tena kwenye saa moja jioni, na Jumapili maduka mengi hufunga kuanzia mchana, kwa hiyo nunua mkate na matunda Jumamosi. Ukila mkahawani, jagi la maji ya bomba ni bure, liombe.

Pasipoti piga picha, nakala moja uiache kwa ndugu. Begi usiliache kwenye kiti ukaenda kupiga picha. Namba ya dharura ni 112. Dawa zako ziwe kwenye begi la mkononi pamoja na karatasi ya daktari. Kutoka chumbani ni kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na ukitaka kuacha mzigo hotelini waulize kwanza wanafungua na kufunga saa ngapi, usije ukakuta mlango umefungwa na treni inaondoka. Na wiki ya safari angalia kama kuna mgomo wa reli. Hutangazwa mapema, na orodha ya treni zitakazotembea hutoka jioni ya siku iliyotangulia.