Jinsi ya kusajili jina la kahawa yenu kama kiashiria cha kijiografia

Kiashiria cha kijiografia ni jina la mahali linalolindwa kisheria kwa bidhaa ambayo ubora au sifa yake inatokana na mahali hapo. Naandika nikiwalenga wakulima wa kahawa ya arabika wa miteremko ya mlima Elgon, Uganda, ila wenzetu wa vanila ya Mukono njia yao ni hiyo hiyo. Sheria ya Viashiria vya Kijiografia ilipitishwa mwaka 2013, na usajili hufanyika URSB, ofisi ya serikali ya usajili, Kampala.

Hatua ya 1: Hakikisheni mnachokitaka. Alama ya biashara ina mwenyewe, naye akitaka huiuza. Kiashiria hakiuzwi. Kila mkulima aliye ndani ya mpaka na anayefuata masharti ana haki ya kulitumia jina, hata yule jirani msiyesalimiana. Kama hilo linawakera, kasajilini alama ya biashara.

Hatua ya 2: Choreni mpaka. Hapa ndipo vikao huvunjika. Msifuate mipaka ya wilaya, maana wilaya zetu hazikawii kugawanywa. Fuateni mwinuko na udongo. Jina nalo lina mambo yake: mkisema "Elgon", mlima huo uko Kenya pia. Mkisema "Bugisu", yaani nchi ya Wagisu, majirani zao Wasabiny wa Kapchorwa watauliza wao wanawekwa wapi. Waiteni mapema, kabla hawajaja na pingamizi.

Hatua ya 3: Andikeni masharti yanayokaguliwa. "Kahawa bora" si sharti. Andikeni: tunda jekundu tu, limenywe siku lilipochumwa, livundikwe, lioshwe, lianikwe juu ya meza, si chini. Kisha elezeni mahali penyewe panachangia nini, kwani TRIPS, mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu hakimiliki za ubunifu na majina ya bidhaa, unataka ubora, sifa au tabia ya bidhaa itokane hasa na mahali hapo. Kwetu baridi ya mlimani huchelewesha tunda kuiva, na punje hutoka ngumu.

Hatua ya 4: Tafuteni mkaguzi asiye mwanakikundi. Kitabu cha mapokezi kionyeshe jina, kijiji, kilo na tarehe. Bei ikipanda, kahawa ya mbali huletwa usiku ichanganywe na yenu, na mkulima aliyevuna magunia mawili ataonekana ameleta sita.

Hatua ya 5: Pelekeni maombi. Yatatangazwa, wenye pingamizi waseme, kisha mngoje.

Hatua ya 6: Soko la nje. Usajili wa Kampala hauvuki mpaka wenyewe, lakini ndio mlango: kwa kifungu cha 24 cha TRIPS, nchi nyingine hailazimiki kulinda jina lisilolindwa katika nchi lilikotoka. Mnunuzi wa Ulaya akijitolea kuwasajilia huko moja kwa moja, kabla ya kusaini muulizeni jina litaandikwa kuwa la nani.