Jinsi ya kucheza gemu la anga za juu mezani kwa dadu mbili za ludo

Kila tukikaa kucheza hapa mtaani kwetu Sakina, Arusha, lazima apite mtu aulize, nyie mnarusha dadu usiku kucha mbona hamna bodi wala kete, ni kamari au? Sio kamari. Ni gemu la kuigiza, wewe ni rubani wa chombo cha anga, mwenzako fundi injini, mwingine anakimbia madeni yake, alafu mmoja wenu ni refa. Refa anawaambia mmefika wapi na mmekuta nini, nyie mnasema mnafanya nini, na pale ambapo haijulikani kama mtaweza dadu inaamua. Basi.

Sheria tunazotumia ni za Cepheus Engine, zilitoka 2016, ila mizizi yake ni Traveller, gemu la Marekani la tangu 1977. Uzuri leseni yake iko wazi, unaruhusiwa kuzichukua ukajenga za kwako juu yake, kwahiyo mimi nilikaa nikaziandika kwa ufupi kwa Kiswahili, kurasa nne, nikaenda steshenari nikatoa kopi kila mtu akapata yake. Usiruke hilo la kopi. Sheria zikikaa kichwani kwa refa peke yake hilo sio gemu, hiyo ni hadithi ya babu.

Ila siku ya kwanza niliharibu. Nilisoma kila kitu kwa sauti masaa mawili, mmoja akaaga anaenda kucheki mpira hakurudi, mwingine kasinzia na chapati mkononi. Wewe anza na namba moja tu, 8.

Unarusha dadu mbili unajumlisha, unaongeza ujuzi wako na kile mwili au kichwa chako kinachokupa, ikifika 8 au zaidi umeweza. Kama hiyo kazi hujawahi kuifanya kabisa unatoa 3. Sasa angalia hapa, dadu mbili zina namna 36 za kudondoka, na 15 ndo zinafika 8. Ukiwa na +1 zinakuwa 21, ukiwa na +2 zinakuwa 26. Asiyejua kitu anatakiwa apate 11 au 12, yaani namna 3 tu kati ya 36, kwahiyo fundi akizimia usimtume mpishi kwenye injini labda kama mmeshachoka kuishi. Kazi ikiwa ngumu refa anatoa 2 nyingine, ikiwa ya kawaida sana anaongeza 2, na aseme KABLA dadu haijarushwa sio baada.

Kutengeneza mtu wako ndo sehemu tamu kuliko zote, fanyeni pamoja mkiwa mmekaa. Rusha dadu mbili mara sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, elimu, hadhi. Ukipata 6 mpaka 8 huongezi kitu, 9 mpaka 11 ni +1, 12 ni +2, 3 mpaka 5 ni -1, na 2 ni -2. Alafu unampeleka kazini akiwa na miaka 18, kila awamu ni miaka minne, unapata ujuzi ila unarusha uone kama amepona. Kwenye sheria za zamani ukikosa mtu wako anakufa hata gemu halijaanza! Sisi tumelainisha, anaumia anafukuzwa kazi. Na usimng'ang'anize kazini ukitafuta ujuzi, akifika miaka 34 uzee unaanza kumla.

Kupigwa ni rahisi: madhara yanakula ustahimilivu kwanza, ukiisha yanahamia nguvu au wepesi, viwili vikifika sifuri amezimia, vyote vitatu amekufa.

Chombo chenu kiwe cha mkopo. Hapa hamna haja ya kumfafanulia mtu yeyote aliyewahi kuendesha boda ya mkataba: kila mwezi mnalipa sehemu 1 ya 240 ya bei yake, kwa miezi 480, yaani miaka 40 na mwisho wa siku mmekilipia mara mbili. Hiyo peke yake inamtosha refa, hana haja ya kutunga adui mkubwa, wana watatafuta mizigo wenyewe na watakubali hata ile mizigo ya kunuka. Na kuruka nyota hadi nyota ni kama wiki moja mmejifungia ndani, iwe parsek moja, ambayo ni miaka nuru 3.26, au sita. Hamna simu inayofika huko, habari inasafiri na chombo kama barua uliyompa kondakta wa Kosta ya Moshi, kwahiyo mkiwahi kuondoka na mzigo wa watu basi mmewatangulia hata polisi. Wachezaji wangu waligundua hilo wiki ya pili tu.

Kitu kingine mkubaliane mapema ni dadu iliyodondoka. Tulikuwa tunatua kwenye vumbi zito, umeme umekatika, tunamulika na tochi ya simu, rubani anahitaji 8. Dadu moja mezani inasoma 2, ya pili imeingia chini ya kochi. Tukainama wote wanne. Sita! Yaani 8 kamili, nusu wanashangilia nusu wanasema haihesabiki, tukabishana mpaka umeme ukarudi. Saivi tunarushia kwenye sinia, ikitoka nje ya sinia unarudia, na imeandikwa kwenye zile kopi kwa kalamu nyekundu.

Masaa matatu yanatosha kwa siku, mkiishia njiani refa aandike pembeni mmebakiza nini. Sisi deni tumelipa miezi tisa, bado 471.