Dripu haishuki? Anza na kimo cha mfuko

Dripu ya kuning'iniza haina mashine. Kinachoingiza maji mwilini ni uzito wa maji yenyewe, yakishindana na presha iliyomo kwenye mshipa. Mfuko ukiwa mita 1 juu ya moyo, msukumo ni kama milimita 74 za zebaki, wakati vena ya mkono wa mtu aliyelala huwa na 5 hadi 10 tu. Mgonjwa akiketi na stendi ikabaki palepale, pengo hilo linapungua na matone nayo yanapungua. Akienda msalani ameshika mfuko usawa wa kiuno, damu hupanda kwenye mrija.

Pima kimo kuanzia moyo, si kiganja. Kumwambia mgonjwa aning'inize mkono pembeni mwa kitanda ili dripu iende mbio hakusaidii: safu ya maji mrijani inarefuka, lakini safu ya damu kutoka moyoni hadi kiganjani nayo inarefuka vilevile, zinafutana.

Kabla ya kutoboa mfuko, funga kigurudumu cha mrija, kile kinachoubana. Ning'iniza, minya chemba (kikopo cha matone chini ya mfuko) ijae nusu, kisha fungua taratibu hadi mrija wote utoke hewa ndipo uunganishe na kanula, yaani kijibomba kilichomo mshipani. Chemba ikijaa mpaka juu hutaona tone la kuhesabu.

Sasa hesabu. Seti nyingi za watu wazima hutoa matone 20 kwa mililita, ila soma pakiti, kwani zipo za 10, za 15 na za 60. Lita 1 kwa saa 8: 1000 × 20 ÷ 480, yaani matone 42 kwa dakika. Shika saa, kukadiria kwa jicho ni kujidanganya. Rudi baada ya dakika 15, na kila kitanda kinapoinuliwa au kushushwa hesabu upya.

Ikigoma, fuata mrija kuanzia juu: kigurudumu, mkunjo, kiwiko kilichokunjwa, kitambaa cha kupimia presha kilichofungwa mkono huohuo. Halafu shusha mfuko chini ya usawa wa mkono kwa sekunde chache. Damu ikirudi, kanula imo mshipani. Isiporudi, bado si uthibitisho kwamba imetoka, gusa ngozi. Ikiwa imevimba na ni ya baridi, simamisha na uitoe kanula. Iliyoziba usiilazimishe kwa sindano, utasukuma donge la damu.

Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua hahitaji msumari wa juu zaidi ukutani, anahitaji kanula nene. Kuongeza kimo mara mbili huongeza kasi mara mbili kwa makadirio mazuri kabisa. Tundu likiwa pana mara mbili, kwa hesabu kasi hupanda mara 16. Weka namba 14 ya chungwa au 16 ya kijivu, ikiwezekana mikono yote miwili. Ukiubana mfuko kwa presha, hakikisha hauna hewa ndani, maana maji yakiisha hewa hiyo ndiyo itakayofuata.

Kanula ya shingoni ina sheria nyingine. Mgonjwa akiwa ameketi, presha ya mshipa wa shingo inaweza kuwa chini ya ile ya hewa, na tundu lililo wazi likavuta hewa. Kabla ya kuitoa, mlaze kichwa kikiwa chini kidogo, toa anapopumua nje, kisha bana na uzibe kwa bandeji isiyopitisha hewa.