Jinsi ya kuomba udiwani Zanzibar: nyaraka kwanza, jukwaa baadaye

Sheha, kiongozi wa shehia, huteuliwa; diwani, mwakilishi wa wadi, huchaguliwa. Taka zisipozolewa, mtaro ukifurika au soko likakosa choo, diwani ndiye mwenye kura ndani ya baraza linalopanga fedha za huduma hizo. Katika uchaguzi wa 2020 Zanzibar ilikuwa na wadi 110 katika majimbo 50, Unguja 32 na Pemba 18, na bado wakaazi wengi wenye uwezo, hasa wanawake na vijana, wanakaa pembeni wakidhani kazi hii ina wenyewe. Uchaguzi mkuu mwingine ni 2030, lakini diwani akifariki au kiti kikiwa wazi huitishwa uchaguzi mdogo, na muda wa kujiandaa huwa mfupi sana.

Anza na Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kwa sababu ndicho kinachokuingiza kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura la Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar. Kikikwisha muda, kibadilishe sasa. Ukihama, onana na sheha wa shehia mpya, kisha hamisha taarifa zako za mpiga kura mara Tume inapofungua zoezi la uandikishaji. Daftari likibandikwa kwa uhakiki, nenda ukalione jina lako kwa macho yako.

Majina ndiyo yanayowaponza wengi. Kitambulisho kinasema Moh'd, cheti cha skuli Mohamed, daftari Mohammed. Au Khamis hapa na Hamis kule. Mpinzani hahitaji zaidi ya hapo kukuwekea pingamizi. Weka karatasi zote mezani, linganisha herufi kwa herufi pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Kosa likiwa kwenye cheti cha kuzaliwa, rekebisha hicho kwanza, ndipo urudi kwenye kitambulisho.

Hatua ya pili ni chama. Tanzania haina mgombea binafsi, kwa hiyo lazima udhaminiwe na chama chenye usajili wa kudumu. Ratiba ya vyama hutangulia ile ya Tume, na dirisha la fomu za ndani hufungwa haraka. Muulize katibu wa tawi au wadi: fomu zinatoka lini, ada ni kiasi gani, na nani anayefanya uteuzi wa mwisho? Swali hilo la tatu ni zito, kwani kuna vyama ambavyo anayeongoza kura za maoni za ndani ya chama anaweza kuachwa na vikao vya juu. Lipa ada za uanachama bila kukatisha na utunze kila risiti. Wanawake wana viti maalumu vyenye utaratibu wake ndani ya chama, lakini hakuna kinachomzuia mwanamke kuiomba wadi yenyewe, na tunamhimiza afanye hivyo.

Ukishateuliwa, fuata fomu ya Tume kwa msimamizi wa uchaguzi siku ya kwanza kabisa. Piga nakala, jaza nakala kwanza. Usiache nafasi tupu hata moja. Pasipokuhusu andika "haihusiki". Sehemu ya kiapo usiisaini nyumbani, isaini mbele ya anayekuapisha. Wadhamini, yaani watu wanaosaini fomu kukuunga mkono, wawe wapiga kura wa wadi yako hiyo hiyo: jirani wa ng'ambo ya barabara anaweza kuwa wadi nyengine. Nakili namba zao kutoka kwenye kadi zao, si kwa kuambiwa kwa simu. Tafuta wadhamini wa ziada, maana mmoja akikutwa amemdhamini na mwengine, jina lake linaweza kukuharibia fomu. Hakikisha muhuri na saini ya kiongozi wa chama mwenye mamlaka vimo.

Rudisha fomu asubuhi, siyo dakika za mwisho, ili ofisa akiona kasoro uwe na saa za kuirekebisha. Omba uthibitisho wa maandishi wenye tarehe na saa.

Baada ya hapo fomu hubandikwa hadharani. Zisome zote, yako na za wenzako. Ukiwekewa pingamizi, jibu kwa maandishi ndani ya muda uliopewa, hoja kwa hoja, ukiambatisha nakala za kitambulisho na risiti. Uamuzi usipokuridhisha, kata rufaa Tume mara moja, kwani siku za rufaa ni chache.