Rekodi video kabla fundi hajagusa

Nimezungushwa wiki mbili kubadilishiwa bomba la sinki lenye ufa, na kila nikirudi dukani jibu ni lile lile: "Fundi wako ndiye kaliharibu." Inauma! Sasa nafungua boksi huku simu inarekodi, bila kukatiza: risiti, namba iliyobandikwa kwenye boksi, kisha kifaa chenyewe pande zote, hasa kwenye meno ya kufungia, ambako ufa mwembamba hujificha. Fundi hasingiziwi tena, kwani video inaonyesha kifaa hakijaguswa na spana. Boksi usitupe. Ila video haisaidii kwa kasoro inayojitokeza maji yakishapita kwa presha. Hapo tegemea waranti, na usijaribu kulikaza zaidi bomba linalovuja.