Namna ya Kumsaidia Aliyetoka Chuo cha Mafunzo Kupata Kazi Yenye Ujira wa Kutosha

Anayemaliza kifungo chake Kilimani au katika Chuo cha Mafunzo chochote cha Unguja na Pemba, kama magereza ya Zanzibar yanavyoitwa, anahitaji karatasi zake kabla ya kuhitaji kazi. Fuatana naye kwa sheha wa shehia anayoishi ili aandikiwe barua, kisha afuatilie Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi ikiwa cha zamani kimepotea au muda wake umekwisha. Akiwapo mzee wa mtaa au imamu wa kumdhamini, mazungumzo huwa mepesi zaidi.

Muulize kwa utulivu kazi alizowahi kuzifanya, zikiwemo za ndani ya Chuo, kama vile useremala, ushoni, ujenzi na kilimo, kwani wengi hawazihesabu kuwa ni ujuzi. Kama hana cheti, ulizeni nafasi katika vituo vya mafunzo ya amali, kama kile cha Mwanakwerekwe au Mkokotoni kwa Unguja, na Vitongoji kwa Pemba.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni hesabu ya ujira, nalo linawahusu wanyonge wote wanaotafuta kazi, hata wasiowahi kufungwa. Mshahara upimwe kwa mwaka mzima, si kwa mwezi mmoja, kwa sababu mahoteli ya pwani hupungukiwa na wageni wakati wa masika na baadhi hufunga. Tuseme mkaazi wa Jang'ombe ameahidiwa shilingi 350,000 kwa mwezi katika hoteli ya Nungwi, lakini atafanya kazi miezi 10 tu na nauli yake ni shilingi 3,000 kwa kila siku ya kazi, siku 26 kwa mwezi. Ukitoa nauli na kuligawa salio kwa miezi 12, anabakiwa na takriban shilingi 227,000 kwa mwezi, kabla ya kodi ya nyumba, chakula na ada za watoto. Kazi ya mshahara mdogo kidogo iliyo karibu na nyumbani na isiyokatika inaweza kumfaa zaidi. Mapato ya mwani na karafuu pia yahesabiwe hivyo hivyo, kwa mwaka mzima.

Kuhusu kifungo chake, namshauri aseme kweli kwa ufupi akiulizwa, kisha ahamie kwenye ujuzi wake. Mwajiri akiyasikia baadaye kwa watu wengine, imani huvunjika.

Akipata kazi, aombe mkataba wa maandishi unaotaja mshahara, saa za kazi na likizo, na ajue kuwa Sheria ya Ajira Nambari 11 ya 2005 inamlinda kama mfanyakazi mwengine yeyote. Baada ya mshahara wa kwanza, kaa naye muangalie kama kilicholipwa ndicho kilichoandikwa, na kama mchango wake umepelekwa ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar. Mchango ukikosekana na mwajiri asisikie, mpeleke Kamisheni ya Kazi mapema, kabla madai hayajawa ya miezi mingi.