Kuhakikisha Kiraka Kimeanza Kufanya Kazi: Somo kwa Watumiaji wa Linux

Dosari ya pkexec (programu ya Linux ya kuendesha amri kwa mamlaka ya mtumiaji mwingine) iliyotangazwa Januari 2022 ilikuwamo tangu mwaka 2009, na ile ya Bash (programu inayopokea na kutekeleza amri), iitwayo Shellshock, ilifichuka Septemba 2014 baada ya kukaa takriban miaka 25. Msimbo wa programu zote mbili ulikuwa wazi kwa yeyote kuusoma, kwa hiyo umri wa programu usichukuliwe kuwa ushahidi wa ukaguzi. Kiraka, yaani marekebisho ya dosari, kikitoka, fuata hatua hizi.

Hatua ya 1. Soma tangazo la usalama la wasambazaji wa mfumo wako, si la watunzi wa programu, na uandike nambari kamili ya toleo la kifurushi cha programu kilichorekebishwa. Wasambazaji wengi hupachika kiraka kwenye toleo la zamani, hivyo nambari kuu haibadiliki ila mkia wake tu; anayelinganisha na tovuti ya watunzi hujitisha bure.

Hatua ya 2. Sasisha, kisha linganisha nambari ya kifurushi kilichosakinishwa na ile uliyoiandika.

Hatua ya 3, ambayo wengi huiruka. Kiraka kikishaandikwa kwenye diski, huduma iliyokwisha kuanza huendelea kutumia nakala ya zamani iliyomo kwenye kumbukumbu mpaka iwashwe upya. Kwa kerneli (kiini cha mfumo), kama ilivyokuwa kwa dosari yake iitwayo Dirty COW ya Oktoba 2016, kwa kawaida huna budi kuwasha upya kompyuta nzima. Amri ya uname -r itakuonyesha kerneli inayoendeshwa sasa, si iliyosakinishwa punde.

Maswali ya wanachama

*Seva yangu haiwezi kusasishwa leo. Nifanyeje?*
Hutegemea dosari. Kwa pkexec, amri ya chmod 0755 /usr/bin/pkexec iliondoa ruhusa ya setuid (inayoifanya programu iendeshwe kwa mamlaka ya mmiliki wa faili) na kuziba njia ya kufikia root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote, ingawa kazi zinazoitegemea programu hiyo zilikwama.

*Ninaitumia kompyuta peke yangu. Dosari inayomtaka mshambuliaji awe tayari ndani inanihusu?*
Inakuhusu, ndugu. Aliye ndani si lazima awe mtu aliyeketi mbele ya kibodi: programu yoyote iliyovamiwa, hata kama ina mamlaka finyu, tayari imo, na inachokosa ni hatua moja tu ya kufikia root.

*Je, kiraka chenyewe chaweza kukosea?*
Naam. Linus Torvalds, mwanzilishi wa kerneli ya Linux, alieleza kwamba yeye mwenyewe alijaribu kuirekebisha Dirty COW miaka 11 kabla, tena vibaya, na marekebisho hayo yakaondolewa kwa sababu ya matatizo kwenye s390, aina ya kompyuta kubwa za IBM. Kiraka cha kwanza cha Shellshock nacho hakikutosha, vikafuata vingine ndani ya siku chache. Tangazo likihaririwa, rudi hatua ya 1.